Orodha ya Wenye Kamioneti

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye magari na wenye kwenda kwa miguu, kwamba mwezi wa tisa mwaka 1983 mji wa Kalemie ulipata Ofisi ya Usalama wa Kamioneti, ya kwanza ya aina yake kutoka Moba hadi Manono. Ofisi ilikuwa na meza moja, mihuri miwili na mimi, Mkuu wake, Citoyen, yaani Mwananchi, Ilunga. Waliosema ofisi ilianzishwa ili shemeji yake fulani apate kazi walikuwa na wivu tu. Ilianzishwa kwa sababu kulikuwa na barua.

Barua ilitoka ng'ambo, kwenye kiwanda kinachotengeneza kamioneti za kubeba tani moja. Ilipita Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikavuka ziwa kwa meli pamoja na sanduku la mbao. Ndani ya barua hiyo kiwanda kilikiri kwamba kilikosea, jambo ambalo sisi katika utumishi wa serikali hatujawahi kulifanya na lilitushangaza sana. Kilisema magari yake yalifungwa mpira mbovu wa breki za nyuma, zile ambazo mafundi wetu huziita freni. Mpira huo ni bomba fupi, urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole, lina shaba huku na huku, na mafuta ya breki hupita ndani yake. Gari likiwa na mzigo mzito kwenye mteremko, bomba hupata joto, huvimba, hupasuka. Basi kiwanda kikaomba magari yote yapelekwe kwa fundi, yasitembee kabla ya kutengenezwa, na kila mpira mbovu ubadilishwe bure. Kwa mujibu wa vitabu vyao kamioneti kumi na nne ziliuzwa Kalemie. Sanduku lilikuwa na mipira kumi na minne.

Komiseri wetu, mkuu wa serikali mjini, alilisoma neno "bure" mara mbili, akaunda ofisi siku hiyo hiyo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa sensa. Nilizunguka siku nne, viatu vikacheka. Kamioneti tatu zilikuwa zimekuwa mabanda ya kuku. Moja ilikuwa ndani ya mto Lukuga, na akina mama walianika nguo juu ya paa lake. Mbili ziliunganishwa zikawa basi la kwenda Niemba, na basi lenyewe lilikuwa limekwama huko huko Niemba tangu 1979. Nyingine ziliuzwa kipande kipande, hata ungeweza kukaa kwa kinyozi juu ya kiti cha gari ambalo usukani wake unautazama sebuleni kwa mjomba wako. Iliyobaki ikitembea ilikuwa moja tu, ya Mama Louise.

Kwenye kitambulisho chake aliitwa Citoyenne Kisimba. Majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa na serikali, kwa hiyo tuliyatumia pale tu tulipotaka mtu aitike. Mama Louise alikuwa akinunua ndakala, dagaa wetu wakavu wa ziwani, na kuwapeleka Nyunzu, ambako watu wana mahindi mengi na hawana ziwa. Gari liliendeshwa na mdogo wake, Banza. Breki za nyuma zilikuwa zimeanza kukataa amri, basi ndugu hao wawili walishuka milima kwa mtindo wa Article 15, ile sheria isiyoandikwa ya kila mtu ajitafutie njia: Banza kwenye usukani, dada yake amesimama nyuma juu ya magunia, kigogo mkononi, tayari kuruka na kukiweka mbele ya gurudumu gari likikataa kusimama. Mama Louise alikuwa na umri wa miaka arobaini na nane.

Aliposikia sanduku limefika alikuja ofisini na gari lake, akaliegesha kwa kuligusisha ukuta taratibu.

"Papa Ilunga," akasema, "nasikia mpira ya freni imefika."

"Citoyenne, hapa ofisini mimi ni Mkuu."

"Ndiyo, Mukuu. Niko na gunia makumi ine ya ndakala pale nyumbani. Mvua iko karibu. Ikinyesha, barabara ya Niemba inakatika, na ndakala inaoza. Unipatie mpira moja, Papa Pontien aifunge, kesho tunaenda Nyunzu. Hii freni imekufa nusu. Banza njo anaendesha, na mimi sitaki kumuzika."

Nilimpongeza kwa moyo wake wa kiraia. Kisha nilitoka naye nje nikabandika karatasi kwenye kioo cha gari: HATARI. HAIRUHUSIWI KUTEMBEA. Barua ya kiwanda ilikuwa wazi juu ya jambo hilo. Nikachukua ufunguo, nikampa stakabadhi yenye mihuri yote miwili.

"Na mpira?" akauliza.

"Mipira inangoja Kamati ya Ugawaji."

"Na Kamati inangoja nini?"

"Inangoja kuundwa."

Kamati iliundwa Alhamisi iliyofuata, ukumbini kwa Komiseri. Papa Pontien, fundi pekee mjini anayelijua gari lile hadi tumboni, aliitwa awe mshauri wa kiufundi, akapewa kiti karibu na mlango. Alinyoosha mkono kabla ya sala ya ufunguzi, maana siku zile sala ya ufunguzi ilikuwa wimbo wa Chama.

"Wakubwa," akasema, "motokari iko moja. Muniletee mpira moja niifunge. Ile ingine kumi na tatu muichunge kwa kesho."

Tulimcheka kwa upole. Komiseri alimweleza kwamba kitu kinachopitia mikononi mwa serikali hakiwezi kugawanywa kwa bahati nasibu, eti nani ana gari na nani hana. Kuna itifaki. Muuza samaki akipata mpira na Jaji akose, Jaji ataangaliaje watu mahakamani? Hoja ilikuwa nzito. Mpira wa kwanza ukaenda kwa Komiseri, wa pili kwa Jaji, wa tatu kwa Katibu wa Chama, wa nne kwa Komanda, wa tano kwa Mkuu wa Bandari, ukashuka hivyo kwa Mkuu wa Stesheni na Inspekta wa Shule na wengineo. Wa kumi na nne ulinifikia mimi. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa ya utumishi kila mgawanyo ulikuwa umeishia mtu mmoja kabla yangu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kiwanda kilitaka saini ya mwenye gari. Komiseri alifikiri kwa muda wa sigara moja, akaamuru Kiapo cha Heshima, nami nikakipiga chapa kwa nakala tano: "Mimi mwenye saini hii ni mwenye kamioneti ya tani moja, na nimepokea mpira wake wa breki." Wote kumi na wanne tukasaini. Papa Pontien aliuliza kamioneti ya Jaji ni ile ipi. Akaambiwa swali lake halikuwa la kiufundi.

Nakala moja ya orodha niliituma Lubumbashi, makao ya Mkoa, pamoja na ripoti. Nilikuwa na fahari nayo. Mistari ilinyooka, na majina hayakuwa na hata kosa moja la herufi.

Tangu hapo Mama Louise alikuja kila asubuhi, baada ya bendera kupandishwa, akakaa kwenye benchi langu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, kuna fomu ya kelele. Alikaa tu na kitambaa chake cha kichwa, akaniangalia nikifanya kazi, na mtu akikuangalia hivyo ndipo unagundua kwamba kazi ni chache.

"Jina langu iko ku liste?" angeuliza.

"Orodha ina nafasi kumi na nne, Citoyenne. Zimejaa."

"Zimejaa na motokari?"

"Zimejaa na wenye magari."

Wiki ya tatu mawingu yalianza kukaa juu ya ziwa. Asubuhi hiyo alifungua kitambaa, akamwaga konzi ya ndakala juu ya faili langu.

"Nusa, Papa Augustin," akasema.

Jina hilo ni langu la ubatizo, na hutumiwa na mke wangu tu. Nami niliitika kabla sijajua. Nikanusa. Unyevu ulikuwa umeanza kuwaingia. Mpira wangu ulikuwa kwenye droo, bado ndani ya karatasi yake ya mafuta, karibu kuliko kalamu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Lakini kuutoa mpira kulihitaji idhini ya Kamati, na Kamati ilikuwa imevunjwa kwa kumaliza kazi yake vizuri. Nikawakusanya ndakala kwa mkono, nikamrudishia.

Siku mbili baadaye Lubumbashi ilijibu. Jibu lilikuja kwa fonia, ile redio ya kuzungumza na Mkoa, na Komiseri aliwaita wakubwa wote wasikilize, maana sauti ya kwanza ilikuwa ya pongezi.

"Mkoa unaipongeza Kalemie," fonia ikasema, ikikohoa. "Kwingine kote viongozi wanalia hawana magari. Kalemie ina kamioneti kumi na nne zenye breki mpya, na wenyewe ni viongozi. Jumatano meli italeta tani kumi na nne za simenti ya kujenga jukwaa la sikukuu ya Novemba. Kila aliye kwenye orodha ahakikishe tani moja inafika kutoka bandarini hadi uwanja wa kilimani, siku hiyo hiyo. Mjumbe wa Mkoa atakuwa na orodha mkononi. Ambaye tani yake haitafika atahesabiwa ameuza mali ya taifa, naye ataongozana na Mjumbe kuja kueleza huku."

Mkuu wa Stesheni aliuliza kama meli haiwezi kuchelewa. Mkuu wa Bandari alijibu kwamba meli huchelewa siku zote, tusiwe na wasiwasi. Ilifika siku moja kabla, ikatia nanga ikingoja Jumatano.

Ofisi yangu ikapata foleni yake ya kwanza. Walikaa kwenye benchi la Mama Louise kwa kufuata vyeo, na waliobaki walisimama.

"Ilunga," Jaji akasema kwa sauti ya chini, "unifute."

"Mheshimiwa, iko fomu ya kuingia kwenye orodha. Ya kutoka haijachapwa."

"Lakini mimi sina kamioneti. Unajua vizuri sina."

"Kiapo kinasema unayo. Niandike kwamba Jaji aliapa uongo?"

Alifikiri, akarudi kukaa. Tusimcheke. Mimi mwenyewe nilikuwa jina la kumi na nne, na asubuhi ile nilikuwa nimejiandikia ombi la kujifuta, nikalisoma, nikalikataa kwa kukosa fomu. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na huu nilikuwa nimeupiga chapa kwa mikono yangu.

Komiseri ndiye aliyepata wazo, na ndiyo maana yeye ni Komiseri. "Kuna gari la yule mama," akasema.

Vichwa vyote viligeuka. Kwa muda wa dakika moja gari lile lilikuwa na wamiliki kumi na wanne, na Komanda alikuwa ameshaanza kueleza alilinunua lini. Komiseri alikata shauri: litatengenezwa upesi, na siku ya Jumatano litakuwa lake. Wengine kila mtu ajitafutie. Nilimrudishia Banza ufunguo, akalipeleka gari taratibu hadi gereji ya Papa Pontien, nasi tukamfuata kwa msafara, kila mmoja na mpira wake, maana sasa kila mmoja alitaka mpira wake ndio ufungwe, ili aseme angalau robo ya gari ni yake.

Papa Pontien alitandika gunia chini akaipanga. Mpira wa Jaji ulikuwa umenyonya mafuta ya taa kutoka pipani tangu siku ya mgawanyo, umevimba kama mguu wenye maji. Wa Inspekta ulikuwa umekatwa vipande vitatu kwa ajili ya nidhamu katika shule tatu. Wa Katibu ulikuwa mkono wa mfuko wa mkewe. Komanda alifungia mbuzi wake, na mbuzi alikuwa ametafuna upande mmoja hadi kwenye shaba. Wa Komiseri ulikuwa mzuri sana, umepakwa rangi ya dhahabu, ila ulipigwa msumari katikati ili uning'inie ukutani.

"Hii yote imekufa," Papa Pontien akasema. "Hakuna mwengine?"

Nilitoa wangu. Ulikuwa mzima kwa sababu sikuwa nimepata ujasiri wa kuutumia.

Mama Louise alikuwa ameketi kwenye boneti ya gari lake, miguu imening'inia, mbele ya ile karatasi yangu ya HATARI.

"Mbele ya kufunga, karatasi," akasema.

"Karatasi gani tena, Mama?" Komiseri akauliza.

"Yenye kusema hii motokari ni ya Kisimba, iko na freni mupya, inaweza kwenda popote, na muntu yeyote asiizuwie, asiikamate. Na tampon ya muhuri, na saini yako."

"Mama, tutaelewana baadaye."

"Hapana, Papa Komiseri. Baadaye ya biro ya serikali ninaijua. Niliikalia wiki tatu."

Komiseri aliniambia niandike chochote anachotaka, upesi. Niliandika vilevile alivyosema, kwani alisoma kwa masista wa Moba na angeona neno likikosekana. Komiseri akasaini bila kusoma, macho yake yakiwa kwenye magurudumu. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua karatasi ile inamfunga nani mikono, na sikumwambia kitu. Hilo ni kosa langu pekee katika utumishi, nami ningelirudia kesho.

Papa Pontien alilala chini ya gari, Banza akakanyaga pedali, akaachia, akakanyaga, hadi hewa yote ikatoka kwenye mabomba. "Sasa freni inajibu," Papa Pontien akasema kutoka chini. Banza aliacha mguu wake juu ya pedali muda mrefu, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa aliyepona.

Jumatano Mjumbe wa Mkoa alishuka melini, mtu mwembamba, miwani, chupa ya chai kwapani na orodha yangu mkononi. Simenti ilikuwa imeshapangwa mafungu kumi na manne. Sisi tulikuwa tumejipanga kwa vyeo, tumevaa abakosi zetu za sherehe, zile suti zisizo na tai.

"Magari?" akauliza Mjumbe.

"Langu linakuja," Komiseri akasema. Alikuwa amemtuma askari kulichukua. Askari alirudi kwa miguu, akapiga saluti, akaeleza kwamba yule mama alimwonyesha amri ya Komiseri inayokataza mtu yeyote kulikamata gari lile, naye alitii amri ya Komiseri.

"Na mengine?"

"Yako gereji," Jaji akasema.

"Yote kumi na tatu?"

"Kwa ajili ya usalama."

Mjumbe alimimina chai, akanywa. "Usalama ni jambo zuri," akasema. "Lakini maagizo yangu yanasema tani ifike. Hayasemi gari lifike. Tani moja ni mifuko ishirini kwa kila mwenye kamioneti. Mimi nitakaa pale kivulini nihesabu."

Komiseri alimtazama ili aone kama anatania. Kisha alivua abakosi yake, akaikunja, akainama. Sisi sote tukainama baada yake.

Sijui nani alipeleka habari mjini. Tulipofika na mfuko wa pili barabara ilikuwa na watu pande zote mbili. Kila Jumamosi watu hao hulima nyasi na kuzibua mitaro kwa salongo, kazi ya bure ya taifa, na sisi husimama pembeni tukiwahimiza. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyesaidia pia. Mama mmoja muuza mihogo alituhurumia akasema, "Muimbe, wakubwa. Katibu anatuambiaka kila siku, mwenye kuimba hachoki." Katibu alikuwa nyuma yangu, simenti imeingia hadi kwenye kope, akaanza kuimba kidogo. Hakufika ubeti wa pili.

Tulikuwa na mfuko wa sita, tunavuka barabara chini ya mteremko, wakati kamioneti ilipotokea juu. Ilikuwa imejaa magunia ya ndakala hadi juu ya kibanda, maana nyumba ya Mama Louise iko kilimani, na njia ya Niemba inapitia huku chini. Iliteremka na mzigo wake wote. Sisi tulikuwa mstari katikati ya barabara, kilo hamsini kwenye shingo ya kila mmoja, na mwenye kilo hamsini shingoni hakimbii. Nilimwona Banza nyuma ya kioo. Nilifikiria mke wangu, na nilifikiria mpira ule, kwamba hata mimi ningeweza kuufungia mbuzi.

Banza alikanyaga. Gari lilipunguza mwendo, likainamisha pua, likasimama hatua moja na nusu kutoka kwa Komiseri. Mama Louise alikuwa ndani, kwenye kiti, safari hii hakuwa juu ya magunia. Alitoa kichwa dirishani.

"Mujambo, wakubwa," akasema. "Mupite tu polepole. Tunangoja."

Tukapita mmoja mmoja mbele ya gari, kwa kufuata itifaki, Komiseri wa kwanza, mimi wa mwisho. Halafu gari likashika njia ya daraja la Lukuga, na mvua ya kwanza ikaanza kudondoka nyuma yake, juu ya simenti yetu.

"Ilunga," Komiseri aliita kutoka chini ya mfuko wake, bila kugeuka, "weka kwenye ripoti kwamba kampeni ya breki imefaulu kabisa."

Ningeandika pale pale. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika simenti, na bado nilidaiwa mifuko kumi na minne.